Bwana Arusi Hashiki Spana

Lori la watu wa arusi lilikuwa limeondoka Tiwi tangu saa mbili asubuhi, limesheheni wanawake, ngoma na masinia, na hata vumbi lake lilikuwa limeshatulia barabarani, ndipo gari la bwana arusi lilipokataa kuwaka.

Mwero, mpambe wa bwana arusi, aliivuta stata. Injini ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza. Akaivuta tena. Ikakoroma tena, ikanyamaza. Nje, Bi Mbodze wa nyumba ya pili, ambaye miguu yake ilikuwa imemkatalia kupanda lori lakini koo lake halikuwa na ugonjwa wowote, alipiga kigelegele kila stata ilipolia, akidhani safari ndiyo imeanza.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza Mwanamkuu kutoka kiti cha nyuma.

"Haliwaki, shangazi," akasema Mwero.

"Hilo hata mimi naliona. Haliwaki kwa nini?"

Seifu, bwana arusi mwenyewe, alikuwa amekaa mbele kando ya Mwero. Alikuwa ameinamisha kichwa, kilemba na vyote, anasikiliza.

Sasa, hapa hatuzungumzii kuchelewa pilau. Pilau hupashwa moto. Mzee Abdurahman wa Msambweni, baba wa bibi arusi Kibibi, nahodha aliyestaafu bahari lakini hakustaafu kuamrisha watu, alimwambia Mwanamkuu siku ya posa, mbele ya mashahidi: "Kijana wako ana adabu, sikatai. Lakini mkono unaonuka petroli sitaushika. Na adhuhuri ikiadhiniwa hajafika, msijisumbue kuja." Na kila mtu anajua nikaha inavyokwenda: baba humshika bwana arusi mkono ndipo akamwozesha binti yake. Asiposhika, hakuna ndoa.

"Niachie mimi, mzee," Mwanamkuu alijibu siku hiyo, kwa ujasiri ambao hakujua ulikotoka. Seifu alikuwa mtoto wa kaka yake, marehemu, na alimlea tangu ana miaka minne. Alimwona akikua akipenda vyuma, akienda gereji Likoni akirudi mweusi mpaka masikioni, na mwaka uliopita alimwona akimpenda Kibibi hata akawa anasahau kula. Kwa hiyo siku tatu hizi Mwanamkuu alimsugua mikono kwa ndimu, kwa jivu, kwa mchanga wa pwani, kisha akampaka liwa na kumfukiza udi, mpaka mikono ile ikawa laini na safi kama ya karani wa mahakama. Ilikuwa kazi kubwa, na alijivunia.

Gari nalo lilikuwa la Seifu mwenyewe. Alilinunua likiwa gofu, akakaa nalo miaka miwili, akalipaka rangi ya samli, na bendera mpya ilipopandishwa mwezi wa Disemba akalifungia bendera ndogo mbele. Hiyo ilikuwa wiki tatu tu zilizopita. Pwani nzima ilikuwa bado na furaha ya uhuru, watu wakipungiana mikono barabarani hata wasiojuana. Seifu aliapa atakwenda kuoa kwa gari lake mwenyewe, nchi ikiwa yake mwenyewe. Na sasa basi lilikuwa limepita, lori limepita, na gari limekaa.

Seifu akafungua mlango, akaanza kukunja mikono ya kanzu.

"We! Unakwenda wapi?" Mwanamkuu alimaka.

"Kufungua boneti."

"Kwa mkono upi?"

Seifu akautazama mkono wake. Akautazama wa pili. Akairudisha yote nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Basi Mwero," akasema.

Mwero alikuwa fundi, lakini wa cherehani. Kuendesha alijua, yaliyokuwa chini ya boneti hakuyajua wala hakuwahi kuyaonea uchungu. "Mimi ndugu yangu umeme unaniogopesha," akasema, na hapo hapo akaanza kutafuta mtu mwingine kwa macho. Macho yake yalimkuta Bi Mbodze, yakahama.

Mwanamkuu alishuka. Alivua buibui lake jipya, akalitundika mlangoni mwa gari, akajifunga leso kiunoni, kwa fundo la kazi.

"Niambie," akamwambia Seifu. "Wewe uwe mdomo, mimi nitakuwa mkono. Na niambie pole pole, mimi hiki kitu najua kukipanda tu."

Boneti ikafunguliwa. Mwanamkuu alitazama ndani, akaona waya, mirija na vikopo, kila kimoja kimeshikamana na mwenzake, asijue aanzie wapi. Lakini Seifu alipoanza kusema, sauti yake ilitulia. Hakuwa tena bwana arusi mwenye hofu. Alikuwa fundi kazini.

"Injini ikizunguka isiwake, shangazi, imekosa kitu kimoja kati ya viwili: moto au mafuta. Tuanze na moto. Ule waya mweusi, uvute utoke kwenye plagi. Uzungushie leso, leso kavu, usiushike wenyewe utakurusha mpaka Ng'ombeni. Sogeza ncha yake karibu na chuma. Isiguse. Hapo hapo. Mwero, stata!"

Injini ikakoroma, na kwenye ncha ya waya cheche ya buluu ikaruka, tap, tap, tap.

"Wallahi moto upo!" alipiga ukelele Mwanamkuu, na alishangaa mwenyewe jinsi alivyofurahi. Bi Mbodze akapiga kigelegele.

"Basi ni mafuta," akasema Seifu. "Mwero, petroli ulitia?"

"Nimetia jana! Nife nizikwe kama sikutia!"

Hakuna aliyemsadiki. Mwanamkuu alichomoa uchelewa kwenye fagio la Bi Mbodze, akautumbukiza ndani ya tangi, akautoa. Ulikuwa umelowa hadi nusu. Mwero alikunja uso kwa kuonewa, akatoa sigara ili ajipoze.

"Zima!" walipiga kelele Seifu na shangazi yake kwa pamoja, na sigara ikaruka mpaka kwenye mihogo.

Petroli ilikuwako nyuma, basi. Ilikuwa inafika mbele? Seifu akamwonyesha kwa kidevu, maana kidole alikiogopa: mrija mwembamba unaoingia kwenye kabureta, nati yake, na spana ndogo ya kuifungulia. "Zungusha kushoto. Sio huko, huko ni kulia kwako. Hapo!" Nati ikalegea. Mwanamkuu akakinga kikombe cha kahawa chini ya mrija, na Mwero akawasha swichi bila kuvuta stata. Wakangoja. Kikombe kilibaki kikavu.

"Haji mtu," akasema Mwanamkuu.

Macho ya Seifu yalikuwa yameanza kung'aa. "Nyuma petroli ipo, mbele haifiki. Katikati kuna nani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Kuna pampu, shangazi! Kile kikopo pale kwenye ukuta wa nyuma ya injini, chenye kofia nyeusi. Ndicho kinachovuta petroli kutoka nyuma. Kinakwenda kwa umeme, na kikiwa kizima husema. Ukiwasha swichi unakisikia: tik, tik, tik. Mimi leo sikukisikia, ila kwa zile kelele sikuwa na hakika." Akamgeukia Bi Mbodze. "Bibi yangu, shikamoo tena. Nakuomba unyamaze kidogo, nataka kuisikia pampu."

"Marahaba. Ninyamaze?" Bi Mbodze alijishika kifua. "Arusi isiyo na vigelegele ni matanga! Mimi nimebaki hapa miguu yangu mibovu, nimeachwa na lori, sasa na mdomo nao nifunge?"

"Ni kwa dakika moja tu, dadangu," Mwanamkuu alimbembeleza. "Usivitupe, viweke. Gari likiwaka, upige vyote kwa mkupuo."

Bi Mbodze alijiziba mdomo kwa ncha ya leso, kwa hasira. Mwero akawasha swichi. Kimya kikaingia uani. Kuku waliparura. Mwanamkuu akainama, akaweka sikio lake kwenye kile kikopo baridi, akasikiliza kwa nguvu zake zote, kama alivyowahi kusikiliza kifua cha Seifu alipokuwa mdogo ana homa.

"Haisemi kitu," akanong'ona.

"Vizuri!"

"Vizuri nini, na gari limekufa?"

"Vizuri kwa sababu tumejua wapi. Bado kimoja. Huenda pampu ni nzima na umeme ndio haufiki. Funga ile nati kwanza, kaza, pangusa, kikombe kiende mbali. Sasa chomoa ule waya mdogo wa pampu, uguse chuma kidogo tu, uondoe."

Mwanamkuu akagusa. Cheche ndogo ikaruka. Alikwisha kuzizoea, hakupiga hata kelele.

"Umeme unafika," akasema yeye mwenyewe, kabla ya kuambiwa. "Kwa hiyo yenyewe ndiyo mbovu."

Seifu alimtazama shangazi yake kwa mshangao wa furaha, kisha akacheka. "Ndiyo yenyewe. Rudisha waya. Chukua spana kwa kichwa, uigonge pampu kwa mpini. Kidogo tu, kama unavyogonga yai."

Mwanamkuu akagonga. Tik, ikasema pampu. Tik-tik-tik-tik. Kisha kimya.

Loo! Seifu aliruka kwa miguu miwili, joho likapeperuka, kilemba kikamshuka hadi kwenye nyusi. "Nimekukamata! Shangazi, haijafa! Ndani ya ile kofia kuna pointi, vidude viwili vidogo kama vichwa vya sindano. Vikigusana umeme unapita, pampu inavuta. Vimeungua, vimeshika weusi, havipitishi. Ukigonga vinastuka, halafu vinasinzia tena."

"Basi si tugonge tu," Mwero alishauri kutoka kwenye usukani. "Mimi niendeshe, shangazi akae pale ndani anagonga mpaka Msambweni."

Mwanamkuu alimtupia jicho ambalo lilimnyamazisha.

Kofia nyeusi ikafunguliwa, na kweli, vidude vilikuwa pale, vyeusi kama masizi ya chungu. Ilikuwa saa nne na robo. Kilichobaki kilikuwa kuvisafisha, na hapo Seifu akasimama ghafla.

"Msasa," akasema. "Tunahitaji msasa, ule mwembamba kabisa. Wangu uko gereji Likoni."

Mwero alishuka mbio kwenda dukani. Akarudi mbio vile vile: duka limefungwa, mwenye duka naye amepanda lori kwenda arusini. Seifu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono yake safi imelala magotini, akasema kwa sauti ndogo, "Basi tena. Kibibi ataambiwa sikuja."

"Msasa si upo," akasema Mwanamkuu.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya choo."

"Shangazi, msasa uliokaa nyuma ya choo utakuwa umelowa, umeoza, hauna tena..."

"Umeoza vipi, na mvua ya juzi umechipua?"

Walitazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake amechanganyikiwa. Kwa Seifu msasa ulikuwa karatasi, unauzwa dukani, una namba mgongoni. Kwa Mwanamkuu msasa ulikuwa mti. Marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, hakusugulia kitu kingine maisha yake yote. Milango ya nusu ya Tiwi ilitelezeshwa kwa majani ya mti ule, na yeye mwenyewe kila mwaka alisugulia miko yake na mbuzi yake ya kukunia nazi. Hakungoja kueleza. Alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, leso kiunoni, akarudi na tawi zima.

Seifu alitaka kupokea jani, akakumbuka, akainua shavu lake badala ya mkono. Mwanamkuu akamkwaruza nalo. Seifu akafumba macho.

"Linakwaruza," akasema polepole. "Linakwaruza kama karatasi."

"Hilo pevu ni la mbao. Kwa vidude vile tutatumia changa. Halili chuma, linaondoa uchafu tu. Hapa sasa wewe ndiye wa kuambiwa, fundi."

Alikunja jani changa, akalipenyeza katikati ya pointi mbili, akalivuta taratibu, mara moja, mara kumi, jani likitoka na weusi, akachukua jingine. Jasho lilimtiririka. Vidole vyake vilikuwa vimeshika masizi, grisi na petroli mpaka kwenye kucha. Kwenye jani la nne, chini ya ule weusi, kukang'aa kitu cheupe, kidogo sana, na Mwanamkuu akafurahi kana kwamba ameokota lulu.

"Rudisha kofia. Kaza. Mwero, swichi!"

Tik, ikasema pampu. Tik, tik, tik-tik-tik-tik-tik!

Wote wakainama kusikiliza. Pampu ilikwenda kasi, ikapunguza, tik, tik, ikapunguza zaidi, tik, ikanyamaza.

"Imekufa tena!" Mwanamkuu alishika kichwa, akajipaka weusi kwenye paji la uso.

"Haijafa!" Seifu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Imeshiba! Kabureta imejaa, pampu inapumzika. Stata, Mwero, stata!"

Injini ikakoroma mara moja, ikakamata, ikanguruma uani mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Na Bi Mbodze akatoa vigelegele vyote alivyokuwa ameviweka.

Safari ile Mwanamkuu hakuisahau. Walivuka daraja la Mwachema wakiimba, wakapita Diani vumbi likiwafuata, Mwero akipiga honi kwa kila mtu aliyevuka njia, na njia nzima sikio la Mwanamkuu liko mbele, linaisikiliza injini kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Gazi waliipita saa sita kasorobo. Alitaka kunawa njiani, Seifu akakataa kusimama. Ikabidi aiingize mikono yake ndani ya buibui na kuikunja hapo.

Wakafika Msambweni mwadhini akiwa bado anatawadha. Mzee Abdurahman alikuwa barazani kwake pamoja na shehe na wazee, saa ya mfukoni mkononi. Alisimama. Akamshika Seifu mkono, na bila haya yoyote akauinua mpaka puani. Udi na liwa. Uso wake ukalainika.

"Maashallah," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Huu ni mkono wa muungwana. Naona ule ufundi umeuacha."

Itikia, mwanangu, Mwanamkuu aliomba moyoni. Tikisa kichwa tu, upite, utaoa, yatakwisha.

Seifu hakutikisa kichwa.

"Sijauacha, baba," akasema. "Gari lilikufa Tiwi. Ugonjwa wake niliujua mimi, lakini aliyelitibu ni shangazi yangu, mimi nimesimama pembeni naogopa kuchafuka."

Akageuka, akauvuta mkono wa Mwanamkuu kutoka ndani ya buibui, mweusi, kucha zake zimejaa grisi, unanuka petroli mpaka kwa wazee wa mwisho wa mkeka. Akainama, akaubusu mbele ya watu wote, akaushika kwa mikono yake miwili. Kisha akamnyoshea mkwewe mkono wake ule ule mzee aliounusa.

"Sasa unanuka. Ndio wangu huu."

Mwanamkuu alitamani ardhi impasukie. Siku tatu za ndimu na liwa, zimekwenda! Alimkasirikia mtoto yule, na papo hapo alijivunia mpaka macho yakamjaa, asijue ashike lipi. Mzee Abdurahman aliutazama mkono, hakuushika. Msikitini, mwadhini alikohoa, akisafisha koo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la mlango, sauti ya Mwanarusi, mamake Kibibi.

"Baba Kibibi! Na wewe ulipokuja kunioa, mikono yako haikuwa inanuka sifa? Mafuta ya papa uliyokuwa ukipaka jahazi, mwezi mzima hayakutoka! Baba yangu alikushika mkono kaziba pua! Mshike kijana, watu wana njaa!"

Ndani wanawake walilipuka kwa kicheko. Shehe aliangalia chini, mabega yakimtikisika. Mzee Abdurahman alisimama kidogo, amekunja uso, na mdomo wake ukamcheza, akaushinda, ukamcheza tena.

Akaushika mkono wa Seifu. Aliushika kwa nguvu, kiganja kwa kiganja, hakuuachia.

"Shehe, anza," akasema. "Anza upesi, kabla hajaongeza mengine."

Mwanamkuu hakungoja shehe amalize bismillahi. Alitupa kichwa nyuma, paji la uso bado lina masizi, akapiga kigelegele kirefu, na kutoka ndani wanawake wakakipokea.